Box Hill na Ulimi wa Shangazi

Kitabu cha Jane Austen kiitwacho Emma nilikisoma mara ya kwanza chuoni, kwa sababu ya mtihani, na nikakichukia. Msichana tajiri wa karibu miaka 21, hana kazi ila kuwatafutia wenzake wachumba. Kwani hayo yalinihusu nini mimi, mtoto wa Taita? Mara ya pili nilikisoma nikiwa nafundisha. Nikakipenda, nikawa naudhika na wanafunzi waliosema yale yale niliyokuwa nikiyasema zamani. Mara ya tatu ni mwaka jana, na kilichonirudisha kwake ni aibu. Nitaifikia.

Kwa ambaye hajakisoma: Highbury ni kijiji kikubwa cha kubuni katika jimbo la Surrey, kusini mwa London. Kitabu kilitoka Desemba 1815. Emma Woodhouse ni binti wa nyumba yenye fedha kuliko karibu zote pale. Miss Bates ni binti wa mchungaji aliyefariki zamani. Hajaolewa, umri umeenda, anaishi na mama yake mzee katika vyumba vya kupanga ghorofani, na majirani wanamsaidia. Na anaongea. Mungu wangu, anaongea! Austen anampa ukurasa mzima bila kupumua: maneno yanaanza na miwani ya mama iliyolegea, yanapita kwa matufaha ya kuoka, yanagusa barua ya mpwa wake Jane Fairfax, yanarudi kwenye miwani.

Katika sura ya 43 kundi zima linaenda mandari Box Hill. Jua kali, watu hawaelewani, kila mtu amenuna kidogo. Frank Churchill, kijana mgeni anayependa kujionyesha, anatangaza mchezo: kila mmoja aseme jambo moja la werevu sana, au mawili ya werevu wa wastani, au matatu ya kipumbavu. Miss Bates anacheka, anasema kwake hiyo ni kazi rahisi, akifungua mdomo tu hayo matatu yatatoka. Emma anamjibu kwa upole wa uongo kwamba pengine kutakuwa na shida, maana leo amewekewa kiwango: ni matatu tu kwa mara moja.

Ndiyo hiyo tu. Hakuna kofi, hakuna aliyekufa. Na bado kwangu hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote kitabuni.

Sasa, Highbury haipo lakini Box Hill ipo. Ni kilima cha chaki chenye urefu wa mita 224 hivi, karibu na mji wa Dorking, na jina lake limetokana na miti midogo ya kijani kibichi inayoota ubavuni mwake. Mwaka jana nilikuwa London wiki mbili kwa ajili ya semina, nikifikia kwa shangazi yangu, dada yake baba. Shangazi amekaa Uingereza tangu 2004. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwapa dawa, kukaa nao mchana ukiwa mrefu. Nilipomwambia nataka kuona Box Hill kwa sababu ya kitabu, alicheka. “Box Hill? Huko si napajua kama Wundanyi! Jumamosi niko off, twende.”

Alikuja na karatasi ya mwongozo iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo. Ilikuwa njia ya mzunguko, maili saba au nane: ushuke kituo cha treni cha Box Hill na Westhumble, uvuke mto, upande kilima, ushuke, uvuke barabara kuu, upumzike kwenye shamba la mizabibu, upande ng'ambo ya pili, urudi kituoni pale pale ulipoanzia.

Niseme kidogo kuhusu karatasi hizi, kwa sababu ni aina ya maandishi na hakuna anayeihakiki. Waingereza wanazo maelfu. Zimeandikwa kwa amri tupu: pinda kushoto, fuata ukingo wa msitu, puuza njia ya kulia, vuka ngazi ya uani. Hakuna mtu ndani yake. Anayeamuru hana jina, anayeamriwa hana miguu inayouma. Shamba la mizabibu linatajwa kama mahali pa kunywa, kanisa linatajwa kama alama ya kupindia. Shangazi alikuwa akisoma mstari kisha anaufasiri kwa lugha yetu: “Hapa anasema pinda kushoto, yaani pale mbwa mweupe aliponifukuza.” Kwetu njia huelekezwa hivyo, kwa watu na kwa visa. Ukimuuliza mtu wa Mwatate njia, utajua na nani alifiwa hapo.

Mto unaitwa Mole, na tuliuvuka kwa mawe ya kukanyagia. Yapo 17. Yaliyopo sasa yaliwekwa 1946 baada ya vita, na Waziri Mkuu Clement Attlee mwenyewe alikuja kuyafungua. Nilisimama hapo nikiwaza: waziri mkuu wa dola, nchi imechoka na mgao wa chakula, anakuja kufungua mawe ya kuvukia mto! Kisha kupanda. Ngazi za udongo na mbao, moja juu ya nyingine, hadi Shangazi akaanza kuimba wimbo wa kanisani nusu nusu kwa sababu ya pumzi. Huko juu kuna jiwe la kumkumbuka Meja Peter Labilliere, aliyezikwa kilimani mwaka wa 1800 kichwa chini miguu juu kwa wosia wake mwenyewe. Shangazi alikijua kisa hicho chote, akanisimulia kwa dakika kumi, pamoja na maoni yake kuhusu watu wanaosumbua wafiwa.

Tukafika penye mandhari. Watu wengi, baiskeli, mbwa, watoto. Bonde lote liko chini yako. Nikatoa kitabu nitafute Austen alivyolieleza bonde hilo. Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo nilikuwa nimelisoma mara mbili bila kuliona: hakulieleza. Wanafika, wanashangaa mara moja wote pamoja, halafu basi. Hakuna bonde, hakuna mto, hakuna mti hata mmoja wa maana. Mwandishi anawasafirisha watu maili saba kwenda kuona mandhari, kisha anawageuzia mgongo mandhari hiyo na kuwatazama wao. Siku iliyotangulia, Donwell, kwenye kuchuma stroberi, alieleza nyumba, mashamba, miti ya kivuli. Kwa hiyo anaweza. Box Hill amekataa.

Wahakiki wengi husema siku ile iliharibika kwa sababu ya joto, au kwa sababu ya siri ya Frank na Jane, ambao wamechumbiana kisirisiri na wamegombana. Kweli. Lakini nilipokuwa nimesimama pale niliona sababu nyingine rahisi zaidi. Mahali pale hapana kazi. Nyumbani Emma ana baba wa kumtunza, Miss Bates ana mama, Jane ana piano. Kila mtu ana kitu cha kushika mkononi. Kilimani hawana lolote ila kustareheshana, na starehe inataka mtu wa kuchekwa.

Tuliteremka, tukavuka barabara kuu, tukaingia kwenye mizabibu.

Shamba linaitwa Denbies. Ni ekari 265 za mizabibu iliyoanza kupandwa 1986 kwenye mteremko wa chaki unaotazama kusini. Ni miongoni mwa mashamba makubwa ya aina hiyo Uingereza. Mandhari yake inachanganya akili kidogo: ile nidhamu ya safu baada ya safu ilinikumbusha mkonge. Zamani sana, katika miaka ya 1730, mahali hapo palinunuliwa na Jonathan Tyers, yule mwenye bustani za starehe za Vauxhall. Mjini aliuza furaha, na huku shambani akajijengea bustani ya kukumbuka mauti, yenye mafuvu ya watu. Hiyo naona ni riwaya inayongoja mtu.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba njia inapita katikati. Shamba ni la mtu, zabibu zimening'inia (ilikuwa Septemba, karibu na kuvuna), na umma unapita humo kwa haki, hauombi ruhusa. Ni sheria: njia ya miguu ya umma haifi kwa sababu ardhi imenunuliwa. Sisi tulipokuwa wadogo, njia ya kwenda shule ililizunguka shamba la mkonge. Kulikata katikati ingekuwa nusu ya mwendo, ila kulikuwa na askari. Kwa hiyo mimi nilitembea mzunguko miaka minane kabla sijajua kwamba kuna watu wanaouchapishia karatasi na kuuita burudani. Nilimwambia Shangazi hivyo, akasema, “Na viatu tulibeba mkononi visiishe.”

Nimefika kwenye aibu.

Tulikaa kwenye meza ya nje. Nilinunua glasi mbili za mvinyo mweupe wenye povu. Meza ya pili walikaa mume na mke Waingereza, watu wa makamo wenye viatu vizuri vya kutembelea, wakatusalimia. Mume akaniuliza nimeonaje, nikaanza kumweleza kwa Kiingereza changu cha semina kuhusu Austen na sura ya 43. Walipendezwa. Mke alisema hajakisoma tangu shule. Nikatajia chaki, nikatajia zabibu za Dodoma zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, nikajiona mtu. Ndipo Shangazi akaingia. Kiingereza chake ni kizuri, cha kazini, chenye kasi. Alisema yeye mara ya kwanza kuja kilimani hapa alikuja na bibi mmoja, na huyo bibi alikuwa na kofia, na hiyo kofia, na binti wa huyo bibi alikuwa na gari, lakini lile gari, sasa...

Nikawatazama wale wawili, nikatabasamu, nikasema kwa Kiingereza: tafadhali msimpe mvinyo zaidi, hii redio haina kitufe cha kuzima.

Walicheka. Si kwa ubaya. Walicheka kwa sababu mimi nilikuwa nimecheka kwanza. Shangazi naye alicheka. Akasema kwa Kiswahili, taratibu, “Kweli mwanangu, nimezidi.” Akanywa mvinyo wake. Hakusema neno tena pale mezani.

Njia ya kurudi ilipanda kando ya mizabibu hadi Ranmore, kwenye kanisa la mawe lenye mnara mrefu, kisha ikateremka Westhumble. Ni maili tatu hivi. Shangazi alisoma karatasi kama ilivyoandikwa. Pinda kushoto. Fuata ukingo wa msitu. Hakufasiri chochote.

Hapa ndipo ninapogombana na Austen, na ndipo ninapomheshimu.

Ugomvi ni kuhusu Bwana Knightley. Baada ya tusi, wakati Emma anasubiri gari lake la farasi, Knightley anamfuata na kumkemea. Hoja yake ni ya kijamii: Miss Bates ni maskini, ameshuka kutoka hali aliyozaliwa nayo, na akiishi sana atashuka zaidi, angekuwa tajiri, angemwachia Emma utani wake. Emma analia karibu njia nzima hadi nyumbani. Sura hiyo hufundishwa kama kilele cha maadili, na mimi nimeifundisha hivyo. Lakini tazama inavyofanya kazi. Aliyeumizwa ni Miss Bates, anayezungumza kwa niaba yake ni mwanamume mwenye ardhi, na machozi ni ya Emma. Kuanzia hapo aibu ya Emma inakuwa mali ya Emma, hatua moja kuelekea kuolewa na aliyemkemea. Nani analia njia nzima katika lile gari lingine? Hatuambiwi. Mimi nililijua lile gari lingine, nilikuwa nalifuata kwa nyuma kupanda Ranmore, limevaa koti la bluu.

Na kuhusu umaskini pia, hoja ya Knightley hainitoshi. Hartfield, nyumbani kwa Emma, hupeleka kwa akina Bates mguu mzima wa nyuma wa nguruwe. Knightley hupeleka matufaha yake ya mwisho. Ndiyo maana Miss Bates anasamehe haraka hivyo. Hana uwezo wa kununa na watu wanaomlisha. Lakini mimi ndiye niliyelishwa. Karo yangu ya sekondari miaka miwili ya mwisho ilitoka kwa Shangazi, kwa pesa za kuwaogesha wazee wa watu. Emma alimtukana aliye chini yake. Mimi nilimtukana aliyenibeba. Kitabu hakina sura ya hiyo.

Kwa nini basi? Jibu nalipata kwa Frank Churchill. Soma tena sura ile utaona Emma hana ugomvi wowote na Miss Bates siku hiyo. Anamfanyia maonyesho kijana mgeni ambaye hata hampendi. Tusi linapita kwa Miss Bates likielekea kwa mtazamaji. Wale watu wa viatu vizuri ndio waliokuwa Frank wangu: nilitaka wajue kwamba mimi ni wa upande wao wa meza, mtu wa vitabu na mvinyo, si wa upande wa kofia ya bibi. Ukiniuliza sasa sura za nyuso zao, sizikumbuki.

Jane Fairfax naye anastahili neno. Yeye hana fedha, anatarajiwa kwenda kuwa mwalimu wa nyumbani, na mahali fulani kabla ya mandari anazitaja zile ofisi za kutafutia kazi, akizifananisha na biashara ya watu, ila hapa kinachouzwa ni akili badala ya mwili. Bi Elton, aliyetoka Bristol, mji uliotajirika pia kwa biashara ya watumwa, anashtuka kana kwamba ameguswa yeye. Uingereza ilikuwa imepiga marufuku biashara hiyo 1807, miaka minane tu kabla kitabu hakijatoka. Shangazi alifika huko kupitia ofisi ya aina hiyo. Nilipomsomea kipande hicho usiku uliotangulia, alisema wao wanauza vyote viwili, na mgongo juu yake. Nilidhani ametania. Nikaandika pembeni mwa ukurasa: “nzuri hii.”

Heshima yangu kwa Austen ni hii. Yeye alijua kwamba maneno ya Miss Bates si takataka. Ukirudia kitabu ukijua siri, utaona habari karibu zote za kuifichua zimo katika mazungumzo yake: nani alikuwa wapi, nani alijua nini kabla ya wakati, barua, piano. Wasomaji huruka kurasa hizo. Mimi nimeziruka. Austen alificha ukweli mahali alipojua hatutasikiliza, akatuacha tushirikiane na Emma.

Na kuna lile la asubuhi ya pili. Emma anakwenda kuwatembelea mapema. Miss Bates anampokea kwa shukrani kama kawaida, ila Austen anatuambia, kwa haraka sana, kwamba ule wepesi wa maneno umepungua na uso hauko huru kama zamani. Hilo tu ndilo jeraha tunaloonyeshwa. Kisha Emma anauliza habari za Jane, kwa upole, akitumaini kwamba hilo litarudisha mambo. Na linarudisha. Swali moja tu, na ulimi wa Miss Bates unafunguka, maneno yanamwagika: Jane amekubali kazi, Jane ana kichwa, Jane hajala.

Tulikuwa tumekaa kwenye treni tukitazamana. Shangazi alikuwa ameikunja karatasi yake mara nne, ameishika mapajani. Nikamuuliza, “Shangazi, huyo bibi mwenye kofia, ikawaje?”

Alinyamaza kidogo. Kisha akaanza. Bibi alikuwa na miaka 91, na yeye ndiye mwenye karatasi ile; alikuwa akiitembea njia hiyo na mumewe kila mwaka hadi mume akafa na magoti yakakataa. Akamwomba Shangazi ampeleke tena. Binti akaleta gari hadi juu, Shangazi akasukuma kiti cha magurudumu hadi penye mandhari, upepo ukaipeleka kofia bondeni, bibi akacheka hadi akalia. Tangu hapo Shangazi alikuwa akija peke yake siku za mapumziko, anaitembea njia kipande kwa kipande, akirudi anamsimulia: mawe yako vile vile, mizabibu imefika hapa, mbwa mweupe amenifukuza. Yule mzee alifariki Machi. Karatasi alimwachia. Jumamosi ile, nami, ndiyo siku ya kwanza Shangazi kuimaliza yote.

Aliongea hadi kituo chetu na kutoka kituoni hadi mlangoni, na mezani akiwa anamenya viazi. Nilisikiliza kila neno.

Ila lile swali nililomuuliza kwenye treni nililitoa kitabuni. Nilikuwa nimelisoma pale Ranmore, nimesimama kando ya kanisa nikijifanya natafuta njia kwenye ramani ya simu, nikijua hasa nilichokuwa natafuta: Emma alifanyaje. Bado sijamwambia.